Umeokota fuwele? Itambue kwanza, uioshe baadaye, bei iwe mwisho

Mvua kubwa ikikata kingo za barabara ya murramu, au jembe likifukua shamba jipya, mawe yanayong'aa hujitokeza. Uganda inayo mengi. Mishipa ya kwatsi, lile jiwe gumu jeupe au angavu kama kioo, imepita katika vilima vya Buganda na Kigezi, miamba ya Karamoja ni mikongwe na imepikwa ardhini kwa joto kali, na kwenye miamba ya volkano ya Elgon kuna matundu yaliyojaa fuwele ndogo ndogo.

Tabu huanza jiwe likifika nyumbani. Kabla jua halijazama limeshasuguliwa kwa waya wa kuoshea sufuria, limeloweshwa kwenye Jik, na mtu ameshapiga simu Kampala kuuliza bei. Huko ni kuanzia mwisho. Fuwele yenye thamani ikishakwaruzwa hairudi hali yake, na ile isiyo na thamani haidhuriki ikisubiri wiki mbili kabatini. Kwa hiyo fuata mpango huu: andika ilikotoka, ijue ni nini, isafishe kulingana na ilivyo, ndipo uzungumze pesa.

Pale pale ulipoiona

Usiigonge kwa nyundo. Ipige picha ikiwa bado imekaa mahali pake, na karibu yake weka kalamu au kiberiti ili ukubwa uonekane. Kisha andika kwenye karatasi tarehe, wilaya, kata ndogo, kijiji, jina la kilima au mto, na aina ya udongo au mwamba ulioizunguka. Kama ilitoka kwenye mkanda mweupe uliopita katikati ya mwamba mweusi, andika hivyo hivyo. Karatasi hiyo isitengane na jiwe. Kwa wanaokusanya fuwele duniani, kipande kisichojulikana kilikotoka hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na habari hiyo ukishaisahau huwezi kuinunua popote.

Kuna mfano wa hapa hapa. Kilima cha Wampewo, Busiro, si mbali na Kampala, kilitoa madini meupe ya ungaunga ambayo mtu wa kawaida angeyapita bila kugeuka. Mwaka 1963 yalitangazwa kuwa madini mapya kwa sayansi, yakaitwa waylandaiti kwa heshima ya E. J. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya jiolojia ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1919. Jina la kilima hicho limebaki kwenye vitabu vya madini hadi leo kwa sababu aliyeyachukua yale mawe aliandika alikoyatoa.

Funga kila kipande peke yake kwa gazeti. Vipande vilivyovunjika vichukue pia, maana mara nyingine ncha na shina lake huungana vizuri na mtaalamu akajua umbo zima. Usiingie kwenye mashimo ya zamani ya bati na wolframu kule Kigezi na Ntungamo. Kuta zake huporomoka bila kuonya, hasa baada ya mvua. Ndani ya hifadhi za wanyama na mbuga za taifa usiokote kitu, hata kikiwa kidogo namna gani.

Kuitambua

Vifaa unavyohitaji vingi vipo nyumbani: tochi ya simu, kisu cha chuma, kipande cha kioo cha dirisha, waya wa shaba wa umeme, kigae cha bafuni, sumaku kutoka spika ya redio mbovu, ndimu au siki, na uzi. Viwili vya kutafuta ni lensi ya kukuzia mara kumi na mizani ndogo ya dijitali, ile wanayotumia wanunuzi wa dhahabu. Kama huna mizani, sonara au mnunuzi jirani anayo.

Jaribio la kwanza ni tone moja la maji kwenye kona isiyoonekana. Fuwele za Ziwa Katwe ni chumvi, na ukizitia kwenye beseni zinayeyuka zote. Katika mapango ya Mlima Elgon nako hupatikana chumvi nyeupe zinazopotea majini, na nyingine huvunjika kuwa unga zikikaa tu kwenye hewa kavu. Tone likiacha shimo au utelezi, maji yasiiguse tena. Brashi laini kavu inatosha.

Kisha tazama umbo. Iweke chini ya tochi, mwanga ukiipiga kutoka pembeni, uizungushe polepole. Kwatsi huwa na pande sita na ncha iliyochongoka, na juu ya pande zake utaona mistari myembamba inayokata kwa upana, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukiiona mistari hiyo umekaribia jibu. Berili nayo ina pande sita, ila kilele chake kwa kawaida ni bapa na mistari yake, ikiwepo, inashuka kwa urefu. Turmalini ina mistari mingi ya urefu iliyosimama wima, na ukiitazama upande uliovunjika utaona pembetatu yenye mbavu zilizovimba. Ganeti ni duara lenye nyuso nyingi zilizopangika, mara nyingi nyekundu iliyokolea hadi nyeusi. Ulanga unabanduka tabaka kwa tabaka, na tabaka moja ukilipinda linarudi lilivyokuwa.

Angalia pia jinsi inavyovunjika. Kwatsi na chupa vyote huvunjika kwa mbonyeo wenye mawimbi. Kalsaiti hupasuka kila mara katika vibao vya mshazari, hata kipande kidogo kina umbo lile lile la kikubwa. Kalsaiti safi ukiiweka juu ya gazeti, kila herufi utaiona mara mbili. Hiyo ni alama nzuri sana, na haigharimu chochote.

Ugumu ndio unaofuata. Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kumi mwanzoni mwa karne ya 19, kutoka talki iliyo laini kabisa hadi almasi, na mpango wake bado unatumika. Ukucha una ugumu wa kama 2.5, waya wa shaba 3, kisu cha kawaida na kioo cha dirisha karibu 5.5. Jasi ni 2, hukwaruzwa kwa ukucha. Kalsaiti ni 3 na floraiti ni 4. Kisu huzikwaruza zote mbili. Feldispa ni 6, kwatsi 7, berili kati ya 7.5 na 8, topazi 8, yakuti 9, almasi 10. Fanya jaribio kwa ukingo uliovunjika chini ya jiwe, kamwe si kwenye uso wake safi. Bonyeza kwenye kioo, vuta mara moja, kisha futa kwa kidole. Mstari ukifutika, jiwe lenyewe ndilo lililosagika. Ukibaki na kidole kikausikia, kioo kimekwaruzika.

Hapa wengi wanadanganyika. Wanaambiwa kinachokata kioo ni almasi. Kwatsi inakata kioo, feldispa inakata kioo, hata berili, topazi na ganeti. Wengine huambiwa wapige nyundo, kwamba almasi haivunjiki. Almasi hupasuka ikipigwa. Ugumu wa kukwaruza na uimara wa kuhimili kipigo ni vitu viwili tofauti, na jaribio la nyundo limeharibu mawe mazuri.

Tone la ndimu au siki liweke kwenye kipande kilichovunjika. Mapovu yakitoka, hata machache, ni kalsaiti au jamaa yake. Ukitumia siki na usione kitu, saga unga kidogo kwa kisu na ujaribu tena. Jiwe jeusi lipitishe nyuma ya kigae, upande usio na rangi ya kung'aa. Hematiti huacha mstari mwekundu wa damu hata jiwe likiwa jeusi tii. Pairaiti, ile inayowadanganya watu kuwa ni dhahabu, huacha mstari mweusi wenye kijani. Dhahabu huacha wa njano.

Rangi isikutawale. Kwatsi ya zambarau, inayoitwa amethisto, hupata rangi yake kutokana na chuma kidogo ndani yake pamoja na mionzi ya asili ya miamba. Kijani peke yake si zumaridi. Zumaridi ni berili iliyopata kijani chake kutoka kwa kromu au vanadi, na berili ya kawaida iliyochimbwa kusini magharibi ya Uganda ni ya kijani kilichofifia, nyeupe au ya kijivu. Kijani cha kung'aa sana chenye viputo vya duara ndani yake, ukikitazama kwa lensi, kwa kawaida ni chupa iliyoyeyuka.

Kupima densiti kwa bilauri ya maji

Jaribio hili nalipenda kuliko yote, maana halibishaniwi na dalali yeyote. Densiti ni uzito wa jiwe ukilinganishwa na uzito wa maji ya ujazo ule ule. Pima jiwe likiwa kavu. Tuseme ni gramu 84. Weka bilauri yenye maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, lizamishe lote majini likiwa linaning'inia mkononi mwako, lisiguse chini wala pembeni. Likitoa viputo, litikise vitoke. Mizani sasa itasoma namba ndogo, tuseme 31.7. Gawanya 84 kwa 31.7, unapata 2.65. Hiyo ni kwatsi kamili.

Berili ni karibu 2.7, kwa hiyo namba peke yake haitoshi kuitenga na kwatsi. Rudi kwenye umbo na mistari. Kalsaiti ni 2.71, lakini ndimu imeshakuambia. Chupa ni karibu 2.5. Turmalini iko kati ya 3.0 na 3.2, floraiti 3.18, topazi na almasi zote ziko karibu na 3.5, ganeti kati ya 3.5 na 4.3, yakuti 4.0. Mtu akikuambia kipande chako cheupe ni almasi na hesabu imetoka 2.65, huna haja ya kugombana naye. Jaribio hili halifai kwa fuwele iliyoshikana na mwamba, kwa sababu utapima vyote viwili pamoja.

Namba ikizidi 5, kaa macho. Kasiteraiti, madini ya bati, hufika karibu 7. Madini ya wolframu nayo hupita 7, na koltani, madini ya tantalamu, ni nzito vile vile. Mawe meusi mazito yanayotoka pamoja na ulanga mkubwa na feldispa mara nyingine yana urani ndani. Usiyasage, usiyaweke chumbani unakolala, osha mikono baada ya kuyashika, na uyapeleke kwa wataalamu yakiwa yamefungwa.

Kuisafisha

Sasa unajua unashika nini. Piga picha nyingine, pima uzito, uandike. Kazi ifanyie nje. Udongo ukiwa mkavu, lowesha kwanza, kwa sababu vumbi la kwatsi ni baya kwa mapafu.

Maji yawe ya uvuguvugu wa kawaida wa siku. Jiwe lililokaa juani likitumbukizwa kwenye maji baridi hupasuka kutoka ndani; kwatsi nyingi zina vijishimo vidogo vya majimaji ambavyo hutanuka kwa joto. Kwa sababu hiyo hiyo usichemshe. Tia sabuni ya vyombo matone machache, liache jiwe usiku kucha, asubuhi tumia mswaki laini. Kwenye nyufa tumia kijiti cha mwanzi, maana sindano na misumari huacha mikwaruzo ya kijivu isiyotoka. Kwa fuwele zilizo laini kuliko kioo ishia hapo. Usizipake mafuta zing'ae. Mnunuzi mzoefu huyanusa na akaanza kushuku mengine yote.

Doa litakalokusumbua ni la kutu, ile rangi ya chungwa inayotokana na murramu. Kwa kwatsi, berili na turmalini, tumia asidi ya sitriki, unga mweupe unaouzwa kwa kutengenezea vinywaji. Vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa lita moja, kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko. Tumia maji ya mvua uliyokinga safi, kwa sababu maji ya kisima yana madini yake ambayo huacha utando. Iache siku kadhaa, badilisha maji yakigeuka manjano, na usikimbize kazi. Doa likishatoka, lowesha jiwe kwenye maji safi yenye magadi soda kidogo, kisha maji safi matupu kwa siku nyingine kadhaa, ukibadilisha, ili asidi iliyojificha kwenye nyufa itoke.

Kalsaiti, zeolaiti (zile fuwele ndogo za kwenye matundu ya miamba ya Elgon), pairaiti na mawe ya shaba ya kijani au bluu yasiguse asidi yoyote, hata ndimu. Utayaona yanapoteza mng'ao mbele ya macho yako.

Wapo wanaotumia asidi ya oksaliki, na ni kweli inaondoa kutu haraka zaidi. Ni sumu, mvuke wake ukipashwa moto unaumiza mapafu, na nyumba yenye watoto si mahali pake. Asidi ya betri iache kabisa. Jik na asidi ya aina yoyote visikutane kwenye chombo kimoja, kwa kuwa gesi ya klorini inayotoka inaweza kuua mtu ndani ya chumba kilichofungwa.

Kausha kivulini. Amethisto na baadhi ya floraiti hupauka zikikaa juani, na rangi ikishaondoka imeondoka. Usikate mwamba uliobeba fuwele ili ipendeze. Fuwele iliyosimama kwenye mwamba wake kwa kawaida inathaminiwa kuliko iliyong'olewa. Usiipige msasa wala kuichonga ncha mpya.

Bei

Jiwe huuzwa kwa njia tatu, na ukizichanganya utalia. Kuna la kuuzwa kwa kilo, kama madini ya bati, berili ya kawaida au feldispa: hapo uzuri hauhesabiki. Kuna la kukatwa kuwa kito, ambalo hupimwa kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2: hapo kinachotafutwa ni sehemu safi isiyo na nyufa, hata kama fuwele nzima ni mbaya. Na kuna la kuonyeshwa lilivyo, ambalo mkusanyaji hulinunua kama kipande kimoja. Fuwele nzuri ya kwatsi kwa kawaida ina nafasi bora kwenye njia hii ya tatu. Kuipeleka kwa mnunuzi wa kilo ni kuitupa.

Kwa njia ya tatu wanaangalia ncha kwanza. Ncha nzima, isiyo na pengo, hupandisha thamani kuliko ukubwa. Kisha mng'ao wa nyuso, uwazi, rangi, jinsi fuwele zilivyopangana, na ile karatasi yako ya mahali. Kwatsi nyeupe isiyopitisha mwanga, ya kando ya barabara, ni madini ya kawaida mno. Ipende, iweke dirishani, usiitarajie ikujengee nyumba. Ukitafuta bei mtandaoni, soma bei za vitu vilivyokwisha kuuzwa, maana anayeuza anaweza kutaja namba yoyote anayotaka. Linganisha jiwe lako na lenye ukubwa, hali na rangi ile ile, na uwe mkali kwa lako kuliko utakavyokuwa kwa la mwenzio.

Sheria nayo ipo. Katiba ya 1995, ibara ya 244, inaweka madini yote yaliyo ndani, juu au chini ya ardhi mikononi mwa Serikali kwa niaba ya Jamhuri, hata kama shamba ni la babu yako na hati mnayo. Udongo wa mfinyanzi, murramu, mchanga na mawe ya kawaida ya ujenzi havimo. Sheria ya Madini ya 2022 inataka leseni kwa anayechimba na anayefanya biashara ya madini, na kibali kwa anayeyatoa nje ya nchi. Bati, tantalamu, wolframu na dhahabu zina masharti zaidi ya vyeti chini ya mpango wa nchi za Maziwa Makuu. Kwa hiyo kabla ya kuuza, nenda Entebbe kwenye Kurugenzi ya Uchunguzi wa Jiolojia na Migodi. Wana wataalamu na maabara, na watakueleza kibali gani kinahitajika kwa jiwe lako. Nenda na karatasi yako, picha, uzito na namba ya densiti. Utasikilizwa tofauti na anayefika na jiwe tu mfukoni.

Jihadhari na anayekuambia, "Mzee, jiwe lako ni mamilioni, lete kwanza pesa ya maabara." Mnunuzi wa kweli hulipa, halipwi. Usimwachie mtu kipande kizima aende nacho kupima. Kipelekeni wote wawili, au toa kichembe kilichovunjika chenyewe. Ukilazimika kuacha jiwe, hata ofisini, andikiana naye: maelezo ya jiwe, uzito wake hadi sehemu ya kumi ya gramu, picha ya pande zote, jina na sahihi yake, na shahidi, ikiwezekana mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa. Siku ya kulichukua, lipime tena mbele yake kabla hujasaini kwamba umelipokea.